Joto la Gari Kuukuu

Gari langu kuukuu ni Peugeot 404, jinsi ile iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963. Nyuma ya dashibodi lina rejeta ndogo: maji ya moto ya injini hupita ndani yake, na feni hupeleka joto miguuni na kwenye kioo cha mbele. Ilipovuja nikiwa Dar es Salaam, zulia likalowa, nilimwamuru fundi aiondoe majini na kuunganisha mipira. Joto la nini pwani?

Kisha nilihamia Njombe. Alfajiri moja ya Julai pumzi yangu ilitanda ukungu kiooni, na mtoto wa shule akavuka njia nisimwone. Sauti yake ndiyo iliyonisimamisha, hatua moja tu kutoka kwake.

Kuikata rejeta ile kulichukua saa moja. Kuweka nyingine kulinilaza siku tatu chini ya dashibodi, vidole vikichubuka. Sikunung'unika. Nilikuwa nimekihukumu kifaa kwa hali ya hewa ya mji mmoja, na mtoto wa watu alikaribia kulipa gharama ya hukumu yangu.