Nili, Kaniki na Jinzi Yenye Dondo

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vinavyotaja rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zote tumezipata ama kwa kukopa ama kwa kufananisha. Kijani ni cha majani, kijivu ni cha jivu, manjano ni ya bizari, samawati tumeipokea kwa Waarabu ikiwa na mbingu ndani yake, na buluu tumeichukua kwa Waingereza. Nili ina safari ndefu kuliko zote. Ilianzia katika Kisanskriti, ikapita kwa Waajemi na Waarabu hadi kwetu. Wareno nao wakaiita anil, na wanakemia wakachukua hapo jina la anilini. Nimetangulia na rangi kwa sababu miaka mitatu iliyopita nilinunua suruali moja ambayo tangu siku hiyo imenilazimisha kuutumia msamiati huu wote, neno baada ya neno, kwa utaratibu ambao hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha.

Suruali hiyo ni jinzi. Wako wanaosema jinsi, na mtungaji mwenye papara hapo hujipatia mchezo wa maneno usiomgharimu kitu: jinsi ya kuivaa jinsi. Mimi nafuata jinzi, kama wasemavyo wauzaji wa Kariakoo. Lakini hii si jinzi ya Kariakoo. Zile tunazozijua sote, za mtumba au za dukani, huja zimekwisha pauka. Ama zimevaliwa na mtu wa mbali tusiyemjua, ama zimesuguliwa kiwandani kwa mawe hadi zikafanana na zilizovaliwa. Yangu ilitoka kwenye kitanda cha mfumi ikakatwa, ikashonwa, ikauzwa, bila kuguswa na maji. Niliinunua Kojima, katika jimbo la Okayama nchini Japani, nilipokuwa huko kwa kazi ya kufundisha lugha yetu. Ardhi ya Kojima iliokolewa kutoka baharini na ina chumvi, na pamba huivumilia chumvi kuliko mpunga. Ndiyo maana mji ule umeishi kwa nyuzi tangu zamani, ukashona sare za wanafunzi, na kuanzia miaka ya 1960 ukashona jinzi.

Nimehangaika sana na jina la nguo ya namna hii. Wenyewe huiita mbichi. Mkisema hivyo kwa Kiswahili mtaeleweka vibaya, kwani kwetu nguo mbichi ni ile iliyofuliwa na haijakauka bado! Kibichi chetu ni cha maji, na kibichi chao ni cha kukosa maji. Nilijaribu kuiita ghafi, neno lililo katika malighafi, nalo likaleta harufu ya ripoti ya wizara. Jina nililobaki nalo nilipewa na bibi yangu, mama mzaa mama, ambaye nitamrejea hivi punde: jinzi yenye dondo. Wasomaji vijana pengine hawalijui dondo. Ni ule ugumu wa wanga unaotiwa katika nyuzi au nguo, uliokuwa ukiifanya kanga mpya isimame kama karatasi kabla ya maji ya kwanza. Na kweli mtande wa jinzi hutiwa wanga kabla ya kufumwa ili usikatike, na katika nguo isiyofuliwa wanga huo hubaki pale pale.

Mtande wa jinzi ndio unaotiwa nili. Mshindio huachwa mweupe, na ndiyo sababu suruali ni nyeusi nje na nyeupe ndani. Nili yenyewe ni rangi ya ajabu. Haiyeyuki katika maji. Sharti kwanza iondolewe oksijeni hadi igeuke kimiminika cha kijanimanjano. Uzi huchovywa humo, hutolewa ukiwa na rangi hiyo hiyo, kisha ukipigwa na hewa hugeuka buluu mbele ya macho. Nyuzi husokotwa pamoja kama kamba na kuchovywa mara nyingi kwa muda mfupi mfupi, ili rangi ikae juu isifike kiini. Zamani nili ilitoka katika majani ya mimea. Tangu mwaka 1897, kampuni ya BASF ya Ujerumani ilipoanza kuiuza nili ya maabara, mimea ilishindwa sokoni. Ila tabia haikubadilika. Rangi hukaa juu ya uzi kama mgeni aliyekaa kwenye ukingo wa kiti, na kila msuguano humwondoa kidogo.

Siku za mwanzo zilikuwa za mateso. Kitambaa cha aunsi 14 kwa yadi ya mraba, chenye wanga, katika joto la Dar es Salaam la mwezi wa Januari! Nilipanda daladala nikiwa kama mtu aliyefungwa banzi. Kuchuchumaa ilikuwa safari. Nilipoivua usiku na kuiegemeza ukutani, ilisimama peke yake, magoti yamepinda kidogo, na mwanangu mdogo akaikatalia katakata kulala nayo chumba kimoja. Na ilitoa rangi. Mapaja yangu yaligeuka buluu, viganja vikawa buluu, mto mweupe wa kochi ukapata kivuli ambacho mke wangu hajakisahau. Hapa lugha yetu haina umaskini wowote. Nguo inachuja ikitoa rangi majini. Inaambukiza ikiigawia nguo nyingine. Inapauka kwa jua. Inafifia kwa wakati. Inachakaa kwa matumizi. Mshairi anayeyatumia maneno haya matano kama kwamba ni neno moja ili apate mizani ananisikitisha.

Ilipotimia miezi minne, suruali ilianza kuniandika. Penye kiungo cha paja mikunjo ilichora miale myeupe, kama jua la mtoto wa chekechea. Nyuma ya goti palijitokeza kitu kama sega la nyuki. Mfuko wa kulia ulichukua alama ya tasbihi, vijiduara vidogo vilivyobanana, na wa kushoto pembe nne za simu. Magoti yakatangulia kupauka kuliko sehemu nyingine yoyote, na hilo lilinishangaza hadi nilipohesabu: rakaa 17 za faradhi kila siku, na katika kila rakaa magoti hushuka chini kwenye mkeka. Nimetazama picha za jinzi za watu wa Marekani na Japani walizozivaa miaka mingi. Zimepauka vizuri sana, lakini sijaona magoti kama haya.

Swala ndiyo iliyoleta ubishi nyumbani. Wapenzi wa jinzi hizi hushauriana kutozifua kwa miezi sita, wengine mwaka, ili mikunjo ijichore sawasawa. Mama aliposikia hilo alisema kwamba hakumzaa mtoto wa kwenda msikitini na nguo chafu. Nilimwendea mwalimu wa madrasa ya mtaani kwetu, mzee mpole, nikamuuliza kwa aibu. Akanijibu kwamba jasho si najisi, na rangi si najisi, ila wenzangu wa safu moja wana pua. Tukapata suluhu: kila baada ya wiki kadhaa naigeuza ndani nje, nailoweka katika maji baridi bila sabuni, na kuianika kivulini. Ndoo ya kwanza ilitoka na maji meusi. Ya pili, nili. Siku hizi maji hutoka samawati hafifu. Mama bado huitazama kamba ya nguo kwa jicho la upande.

Mwaka juzi niliivaa kwenda Unguja kumjulia hali bibi. Anakaa Ng'ambo, amepita miaka 85, na macho yake yanaona sawasawa yakitaka. Nilimwamkia, akaitikia, nikaketi jamvini karibu yake. Aliishika suruali pale gotini, akaisugua kwa kidole gumba, kisha akakitazama kidole.

"Hii ni kaniki," akasema.

Nikacheka. "Hapana, bibi, ni jinzi."

"Jinzi ni jina la mshono. Nguo ni kaniki. Hebu nusa."

Kaniki, kwa wasioijua, ni ile nguo ya pamba iliyotiwa nili hadi ikawa nyeusi, waliyojifunga wanawake wa pwani na bara. Mwenzake ni merikani, nguo ya pamba isiyotiwa rangi iliyobeba jina la nchi ilikotoka. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Unguja kwa marobota, na mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Niliyajua hayo kwa kusoma. Sikuyajua aliyoniambia bibi, na kwa hakika alikuwa hajamwambia yeyote katika sisi wajukuu.

Bibi yake yeye, mama wa mama yake, aliivaa kaniki kwa sababu hakuruhusiwa kitu kingine. Hakujifunika kichwa. Hakuvaa viatu. Alikuwa mtumwa katika shamba la karafuu, na alikuwa bado msichana mwaka 1897, Seyyid Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya kuuondoa utumwa kisiwani. Alipotoka shambani alikuja Ng'ambo, akafanya vibarua, na pesa ya kwanza aliyoiweka alinunulia kanga za rangi, jozi moja, nyekundu. "Hakurudi tena kwenye weusi ule," bibi akasema. "Hata matanga hakuivaa. Na wewe umepanda ndege kwenda kuinunua."

Sikuwa na jibu, na sijalipata. Naweza kusema kwamba nili haina kosa. Naweza kutaja kwamba Jacob Davis na Levi Strauss walipata hataza ya suruali zenye ripiti tarehe 20 Mei 1873, na siku kumi na sita baadaye, tarehe 5 Juni, Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Ni tarehe mbili zilizokaribiana kwa sadfa, na mimi siamini kwamba kalenda hutunga mashairi. Lakini suruali iliyo mwilini mwangu ni nyeusi iliyochaguliwa, naye alipewa nyeusi asiyoichagua, na kidole cha bibi kilitoka na doa lile lile.

Nilimuuliza kama niache kuivaa. Alikasirika kidogo. "Nimekwambia uache? Nimekwambia ujue." Kisha akanionyesha jinsi walivyokuwa wakiitoa dondo kaniki mpya, kwa maji ya chumvi na kuipiga juu ya jiwe, akanifundisha pia kwamba nguo ikikwisha kulainika na kufuata mwili husemwa imezoea. Hawakusema mtu ameizoea nguo, bali nguo imemzoea mtu. Niliandika neno hilo katika daftari palepale, naye akalisogeza daftari kando kwa mkono kwa sababu chai ilikuwa imeletwa.

Tangu siku hiyo ninatunga utenzi. Nimefika ubeti wa 41 na vina havinipi taabu. Taabu iko katika jina. Bibi aliniambia jina la yule msichana, yote mawili kwa kweli: lile aliloitwa shambani, na lile alilojipa mwenyewe alipovuka kuja mjini. Alinitajia kwa sharti kwamba nisiyaandike maadamu yeye yu hai. Nafasi yake katika beti nimeiacha wazi, mizani mitatu kwa jina la kwanza, minne kwa la pili, na kila ninapoukariri utenzi hunyamaza hapo kwa muda wa silabi hizo, kisha nikaendelea.

Suruali imeshapata tundu dogo kwenye goti la kulia. Fundi cherehani wa mtaani aliniuliza atilie uzi wa rangi gani. Nikamwambia mweusi.