Z. ni Nani?

Nilipoazima Mwisho wa Kosa, riwaya ya Z. Burhani ya mwaka 1987, nilidhani huyo Z. ni mwanamume. Niliisoma usiku hapa Kalimoni, mama akinung'unikia mafuta ya taa. Monika anarudi kutoka Marekani na kuyadharau makao ya kwao, Madongoporomoka. Kumbe aliyemuumba ni Zainab, tena alikwisha kutoa Mali ya Maskini mwaka 1981! Darasani wavulana walimlaani Monika. Hata mimi sikumpenda sana, lakini nilimwonea wivu: hafyati ulimi. Mwaka jana hadithi yangu niliileta kwa jina la kaka, nikiogopa kuchekwa. Ya mwaka huu ni ya msichana mkaidi, na jina juu yake ni langu.