Adili wa Mtoni

Wadau mniwie radhi, wiki mbili kimya. Mitihani ya majaribio ilinibana, na bando nalo likakata.

Juzi tumekaa nje ya maktaba hapa Mlimani, jamaa mmoja wa chumba chetu anatamba na Narnia na Harry Potter. Eti Waswahili hatuna hadithi ya kijana anayevuka kwenda dunia ya maajabu. Nikamuuliza, wewe Adili na Nduguze ulisoma au ulikariri majibu tu? Shaaban Robert, 1952! Kijana anaingia mji ambao watu wote wamegeuka mawe, mzima ni msichana mmoja tu, Mwelekevu. Majini wamo, binadamu wanaogeuzwa manyani wamo. Kweli, asili yake ni kisa cha Alfu Lela Ulela, kule ndugu waligeuzwa mbwa. Lakini mzee wetu kaifinyanga upya, ikawa yake.

Jamaa akanywea. Mimi nami nikaishiwa raha, maana kile kitabu kina kipande ambacho siku hizi nakikwepa.

Mnakumbuka? Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao baharini kwa wivu. Huria, binti wa mfalme wa majini, anamwokoa, halafu anawageuza wale wawili manyani. Ingeishia hapo ningelala vizuri. Lakini anamwamuru Adili awachape kila usiku. Na Adili anachapa huku analia, kisha anawabembeleza.

Sasa nirudi nyumbani, Mtoni. Mwezi uliopita mdogo wangu, yupo kidato cha kwanza, alichukua elfu kumi na tano ya tuisheni akaimalizia kwenye mashine za bonanza. Mama akanipigia simu: "Mwanangu, njoo. Baba yenu hayupo, wewe ndiye baba." Nikapanda daladala mbili, nimesimama njia nzima, nikafika magharibi. Fimbo imeshaandaliwa, imeegemezwa mlangoni.

Nilimchapa. Sita. Hakulia hata kidogo, akawa ananiangalia tu. Nikatoka uani nikajifanya nachota maji, ndoo yenyewe ilikuwa imejaa tayari. Baadaye nikamnunulia chipsi mayai. Tukala kimya, mimi na yeye, sahani moja.

Jumamosi iliyopita nikaenda tena, nikamwachia kitabu. Sikusema kitu, nikamwambia tu kina majini. Jumapili asubuhi nimemkuta kwenye ngazi ya mlango, kakimaliza. Nikamuuliza kipi kimemfurahisha, nikitegemea ataje mji wa mawe.

"Bro, kwani Adili hakuweza kukataa?"

Nikamwambia jini alimtisha, asingechapa angeadhibiwa yeye. Akafikiri kidogo.

"Lakini mfalme Rai alipojua si alimwandikia jini, akasamehe?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa hapa nyumbani Rai nani?"

Mama alikuwa anakuna nazi pale pale. Mbuzi ikasimama kidogo, halafu ikaendelea. Wala hakugeuka.

Nimerudi kampasi bila kitabu, dogo kagoma kukitoa, anasema anakirudia kuanzia pale Mwelekevu anapotokea. Na Jumatano nina semina juu ya kitabu hicho hicho. Mwenye nakala Hall 5 anitafute, narudisha siku hiyo hiyo.