Bizima na Bizimana

Kazi yangu ni kuchapa. Wengi wanaijua Kigobe, kaskazini ya Bujumbura, kwa sababu ya ukumbi wa Bunge la Taifa, lakini nyuma ya barabara ya magari makubwa ziko sekretaria ndogo kama yangu: meza mbili, kompyuta moja, mashine ya kopi, na benchi la wanaosubiri. Watu huja na maneno kwenye daftari au kichwani, wakaondoka na karatasi.

Asubuhi moja mzee aliyetoka Bubanza aliketi mbele yangu na daftari la shule. Ndugu yake alikuwa amefariki, baraza la familia limeshakaa, na sasa ilitakiwa karatasi yenye majina ya mashahidi juu na majina ya watoto saba wa marehemu chini. Aliyasoma polepole, nami nikaandika kila jina kwenye mstari wake, nikigonga enta. Mtoto wa nne tumwite Bizima, kwa kuwa jina hilo linaonyesha sawasawa kilichotokea. Nilipogonga enta mstari haukushuka. Nikagonga tena, nikidhani kibodi imekwama kama kawaida yake, nikaendelea na wa tano. Macho yangu yalikuwa kwenye daftari. Kwenye karatasi likatoka Bizimana.

Mzee alirudi baada ya wiki tatu. Familia ilishatia sahihi, karatasi ikapelekwa, ikarudishwa, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinasema Bizima. Hakupandisha sauti. Aliweka kidole kwenye mstari wa nne akaniambia, "Mwanangu, huyu uliyemwandika sisi hatumjui."

Asiyeijua Burundi anaweza kuona ni herufi mbili tu zilizozidi. Kwetu, kwa desturi, ndugu wa tumbo moja hawachangii jina la baba; kila mtoto hupewa lake, na ndani yake mna habari ya siku aliyozaliwa au ya moyo wa waliompokea. Bukuru na Butoyi ni mapacha. Minani ni mtoto wa nane. Ndayisenga ni sala ya mzazi kwa Mungu. Bizimana ni kusema kwamba Mungu ndiye ajuaye, ilhali katika Bizima msemaji wa Kiswahili atasikia mara moja vizima vyetu, uhai na afya. Ukikosea jina la mtoto wa Kirundi, hana ubini wa kumshikiza kwa nduguze. Anatoka kwenye orodha, na mahali pake anaingia mtu ambaye hayupo.

Nilimchapia mzee upya bila malipo na kumpa nauli, lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilijua mkono wangu haukuandika zile herufi mbili. Basi ziliandikwa na nani?

Nilishuku virusi. Nilishuku kibodi. Kijana fundi wa Ngagara alipokuja hakugusa kitu. Aliniambia nifungue ukurasa mpya na kuandika Bizima. Hakikutokea kitu. Akaniambia niandike kwanza Bizimana, nishuke, kisha nianze tena Bizima. Hapo mwishoni mwa jina pakatokea mkia wa "na", umetiwa rangi, unasubiri. Programu yangu ya kuandikia hukusanya maneno kadiri unavyoandika, na ukianza neno linalofanana hukumalizia. Jinsi ilivyokuja, hushika maneno ya kuanzia herufi 8, hadi maneno 1,000, na kitufe cha kusema "ndiyo" ni kile kile cha enta. Bizimana lina herufi 8 kamili. Bizima lina 6, kwa hiyo hata ningeliandika mara mia lisingeingia kwenye kumbukumbu yake. Na juu kabisa ya karatasi ya mzee, katika mashahidi, alikuwepo Bizimana.

Niliitazama ile orodha ya maneno kwa muda mrefu. Mashine haikubuni kitu. Ilinirudishia nilichokuwa nimeipa dakika kumi kabla, ikamvika mtoto jina la shahidi kwa kuwa ndilo ililozoea. Nikaona kwamba hivyo ndivyo nami nilivyokuwa nikiwapokea watu wa kwenye benchi. Siku zile zile mama mmoja alikaa akaanza, "Nataka barua ya kuomba..." nami nikafungua barua ya kuomba kazi na kumuuliza amesoma hadi darasa la ngapi. Alinijibu kwa adabu. Akajibu swali la pili na la tatu. Ni baada ya nusu ukurasa ndipo aliposema kwa sauti ya chini kwamba alitaka kuiomba shule ya mwanawe imvumilie ada hadi mwezi ujao. Nilikuwa nimemmalizia sentensi, naye kwa heshima akaogopa kunikatisha. Ni wangapi kabla yake walioondoka na barua yangu badala ya yao, sitajua kamwe.

Makosa ya namna hii yana umri mkubwa kuliko sekretaria yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dean Hachamovitch wa Microsoft alishughulikia urekebishaji wa maneno wa papo kwa papo, ili kuwaondolea waandishi makosa madogo ya vidole. Msaada mkubwa, nami nautumia. Lakini kamusi za kompyuta za wakati fulani zililijua neno la Kiingereza la ushirikiano, "co-operation", likiwa na kistari tu. Likiandikwa bila kistari zilipendekeza Cupertino, mji wa California, na mji huo ukabaki ndani ya hati za Umoja wa Mataifa na za Umoja wa Ulaya. Waandishi wa hati zile nao waligonga "ndiyo" bila kutazama.

Lugha nazo zina mambo yake. Nilikuwa na vifupisho vyangu: naandika herufi tatu, inatoka anwani nzima. Vilifanya kazi kwenye barua za Kifaransa, vikagoma kwenye za Kiswahili, nami nikataka programu yote iwekwe upya. Fundi akanionyesha jina la lugha chini ya dirisha. Vifupisho huhifadhiwa kwa lugha, na vyangu niliviingiza vyote chini ya Kifaransa; dawa ilikuwa kuvihamishia kwenye orodha ya lugha zote. Kiswahili hakikukosa mahali kwenye kompyuta: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisi, ya kuandikia ikiwamo, zilizosema Kiswahili. Ni mimi niliyekuwa nikizungumza na mashine kwa lugha moja nikitarajia inijibu kwa nyingine.

Siku hizi enta yangu inashusha mstari tu. Neno la kumaliziwa nalikubali kwa mshale wa kulia, ambao kidole hakiuendei bila kukusudia, na nikifunga faili orodha yake ya maneno inafutika. Benchi limekuwa na foleni ndefu kidogo, kwa sababu namwacha mtu aseme hadi mwisho, kisha nageuza skrini asome mwenyewe. Asiyejua kusoma namsomea herufi moja moja.

Karatasi ya pili ya mzee ilipokelewa. Nawe utakapochapiwa chochote, kwangu Kigobe au kwa mwingine popote, usianze na aya wala mhuri. Anza na majina, yasome herufi kwa herufi, na kalamu uishike baadaye.