Kicheko cha Mikumi

Umepata kutazama filamu isiyo na kichwa wala miguu, nawe usitake kuondoka? Hayo yalinifika Mikumi, katika kibanda cha video kando ya barabara kuu. Tulikuwa tumetoka Kilosa kumzika mama, mimi na baba, tukingoja basi la Iringa. Picha ilififia, sauti ikikwaruza. Lakini Amri Athumani, yaani King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 8, 2018, alipotokea na kukodoa macho tu bila kunena, madereva wa malori waliangua kicheko. Baba naye, aliyekuwa kimya tangu makaburini, akacheka. Kisa chenyewe sikikumbuki. Basi lilipowasili, baba aliniambia tungoje jingine, filamu haijaisha.