Winga wa Desemba

Nilikosea, na nilikosea kwa miaka mingi nikijiamini. Nikiwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya msingi mkoani Mbeya, kila UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ilipokaribia nilichagua wachezaji kwa jicho la mnunuzi wa ng'ombe: urefu, kifua, mapaja. Wafupi niliwaambia wasubiri mwakani.

Sikuwa na nia mbaya. Siku za mazoezi ni chache, na ukitolewa mapema kwenye ngazi ya kata unaulizwa nauli ya watoto imefanya kazi gani. Mtoto mwenye nguvu anaubutua mpira mbele, anamkimbia beki, anafunga. Tulishinda. Wenzangu wakaniita mtaalamu wa vipaji, nami nikaitika.

Nilikuja kufumbuka macho Iringa, kwenye mafunzo ya walimu na makocha. Mwezeshaji alitutaka tuandike kikosi chetu cha mwisho, na mbele ya kila jina mwezi wa kuzaliwa. Januari. Machi. Januari. Februari. Kabla sijamaliza safu ya mabeki nilianza kuifunika karatasi kwa mkono, jirani yangu asiione. Mwezeshaji akasema kwamba mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walilionyesha jambo hilo kwa wachezaji wa magongo ya barafuni nchini Kanada: waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka ndio waliojaa kwenye timu. Mtoto wa Januari na wa Desemba huandikwa umri mmoja, ilhali utotoni miezi 11 ni tofauti kubwa ya kimo na nguvu. Nilikuwa nachagua tarehe, siyo vipaji.

Nikamkumbuka winga mmoja, mzaliwa wa Desemba. Aligeuza shingo kutazama nyuma kabla pasi haijamfikia, na akiugusa tu mpira, beki kashaachwa. Nilimkata. Mwaka uliofuata nikamkata tena. Baada ya hapo hakuja kwenye mchujo. Nilipomuuliza, alinijibu kwa adabu: "Shikamoo mwalimu. Mimi mpira nimeacha." Wale wenye miili mikubwa niliowachagua nao, wenzao walipowafikia kimo huko sekondari, hakuna aliyefika timu ya mkoa ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari.

Sasa nagawa mazoezi kwa vimo, na daftarini naandika nani anatazama kabla ya kupokea na nani anarekebisha kosa akielekezwa. Tunafungwa zaidi kuliko zamani.

Mwalimu mwenzangu, kabla hujapeleka majina kwa afisa michezo, yaandikie miezi ya kuzaliwa. Ukiona miezi ya Januari hadi Machi imejaa, rudia mchujo.