Ngazi za Utrecht na baiskeli ya umeme

Asubuhi mjini Utrecht, Uholanzi, watoto wengine huenda shuleni ndani ya sanduku la mbele la baiskeli nzito. Mzazi anayekwenda kazini peke yake hupanda ile nyepesi ya umeme, yenye gia moja na betri ndani ya fremu. Mota humsaidia anapokanyaga pedali tu, nayo huacha mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Miguu na moyo bado hufanya kazi.

Jioni huibeba begani, akipanda ngazi nyembamba za nyumba ya zamani, akaichaji ndani. Hapo ndipo penye hatari: betri ya lithiamu ikishika moto karibu na mlango, familia haina pa kutokea. Heri aichaji mbali na mlango, na achomoe waya kabla ya kulala.